Staa Alipanda Mlima Saza, Klachi Nikaunguza Mimi

Leo sina habari ya nani kamwacha nani. Staa yumo kwenye stori, jina kapuni, ila stori yenyewe inanihusu mimi zaidi na kuna sehemu hata siipendi kuisimulia. Tulieni.

Mnaikumbuka ile video ya msanii wetu mmoja, mtoto wa mjini, aliyepanda mlima na pikipiki ya mashindano kavaa kofia ngumu nyeupe na miwani ya vumbi? Sekunde 14. Pikipiki inapanda mawe kama mbuzi, vumbi linaruka, anafika juu anainua mkono. Watu wakaandika "noma sana". Wengine wakabisha kwamba ni Afrika Kusini, wengine Lushoto. Hamna cha Lushoto wala nini. Ni hapa Saza, mkoani Songwe, kwenye mlima ulioko nyuma ya maduara ya wachimbaji, na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya anayerekodi, nimeshika kamba.

Kamba ya nini? Ngoja.

Jamaa alikuja kumtembelea ndugu yake mwenye karasha. Kwa wasiojua, karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na maisha ya huku yanazunguka hapo. Watu wanashuka kwenye duara, wanapandisha mawe, mawe yanaingia kwenye viroba, viroba vinapakiwa kwenye pikipiki, pikipiki inaenda karasha. Dhahabu ya huku imechimbwa tangu enzi za mkoloni. Rashi ikitokea sehemu, siku tatu tu porini kunakuwa na mji, na bodaboda ndio wanafika wa kwanza. Kwa hiyo pikipiki kwetu si starehe. Ni punda.

Pikipiki ya staa ilikuwa ya kuazima, hilo naomba lieleweke. Ni 250 ndefu, tairi za meno makubwa, shokapu kama za ndege. Jaribio la kwanza ikazimika katikati ya mlima. La pili akaanguka. La tatu, la nne, la tano, anafanya kitu kilekile: anabana klachi nusu, ananyonga mafuta hadi mwisho, anaachia kidogo, anabana tena. Injini inapiga kelele, pikipiki inakwenda kwa hisani. Kuna harufu ikaanza kutoka, kama kamba ya katani iliyoungua. Mzee mmoja fundi, ambaye mtamsikia sana hapa chini, alikuwa amekaa kwenye jiwe anaangalia, akasema taratibu, "Anaunga klachi hiyo." Jaribio la sita akafika juu. Ndizo zile sekunde 14.

Kushuka sasa. Anaingiza gia ya kwanza, anaachia klachi, injini inanguruma, tairi limetulia kama halimjui. Klachi imekwisha. Tukaishusha kwa kamba vijana watano. Tulipofika chini akatununulia soda. Soda, wadau. Ya moto.

Hapo ningetakiwa niwe nimejifunza. Mimi nilichojifunza ni kwamba sekunde 14 zilipata watu laki na kitu.

Niwaambie mimi ni nani kwenye hii ishu. Nilimaliza form four, matokeo yakaja ya kumfanya mtu ajifunze kuendesha pikipiki. Nikapata mkataba kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, huku wote tunamwita Mama Mwalimu. Alitumia sehemu ya kiinua mgongo chake kununua pikipiki. Makubaliano yetu: namletea elfu 8 kila siku, Jumapili napumzika, miezi 14 ikiisha pikipiki inakuwa yangu. Kama ulishawahi kuendesha kwa mkataba unajua, kile chombo ni chako na si chako. Kila ukisikia mlio mpya unajiuliza hii ni ya kwangu au ya bosi.

Yenyewe ni Mchina wa 125, injini ya fimbo. Mafundi wanaiita hivyo kwa sababu valvu zake zinasukumwa na fimbo mbili ndefu kutoka chini, hazina cheni ya ndani. Ukoo wake ni Honda CG125 ya miaka ya 1970, injini ambayo Wajapani waliitengeneza kwa ajili ya nchi ambazo watu wanapakia mzigo mkubwa na oili wanabadilisha wakikumbuka. Yaani sisi. Baadaye Wachina wakaiga, wakaifurika dunia nzima. Si injini ya sifa, ila haifi kirahisi. Mimi nilikaribia kuiua.

Baada ya ile video nikawa nakesha na bando. Nimeangalia mashindano ya Erzberg kule Austria yote yaliyopo mtandaoni. Hayo yalianza mwaka 1995, yanafanyika ndani ya mgodi wa chuma, mlima umekatwa ngazi ngazi, na siku kubwa wanaanza watu 500 halafu wanaofika mwisho ni wa kuhesabu. Mgodi, mlima, mawe, pikipiki! Nikajisemea hawa ni sisi, tofauti ni wao wana helikopta ya kurekodia. Nikataka yangu iwe hivyo. Nipande ule mlima na boda, nirekodi, niweke, maisha yabadilike.

Nikaenda kwa mzee fundi, yule wa kwenye jiwe. Anafanyia kazi chini ya mwembe, spana zake kazifunga kwenye kitambaa kama sadaka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Imekufa nini?"

"Haijafa mzee. Nataka ipande mlima kama ya yule msanii."

Akacheka hadi akakohoa. Halafu akauliza maswali ambayo mimi niliona hayahusiani. Unabeba nini? Viroba viwili na mtu. Unapita wapi? Maduarani, mtoni, na barabara ya Mkwajuni. Spidi yako kubwa kwa siku ni ngapi? Nikafikiria, nikasema labda 60, tena kwa dakika chache.

Akachukua msumari akachora chini. Sproketi yangu ya mbele ilikuwa na meno 15, ya nyuma 40. Ukigawa 40 kwa 15 unapata 2.67, yaani injini inazungusha sproketi ya mbele mara mbili na zaidi ya nusu ndipo tairi lizunguke mara moja. Akasema, tuweke mbele meno 14, nyuma 45. Ukigawa unapata 3.21. Hiyo ni kama asilimia 20 zaidi. Injini ileile, mafuta yaleyale, tairi linasukuma ardhi kwa nguvu asilimia 20 zaidi kwenye kila gia. Hasara yake ni kwamba pale ulipokuwa unafika 90 sasa utaishia 75. "Na wewe umesema hata 70 huifiki," akasema. Cheni itabidi iwe ndefu kidogo kwa sababu ya sproketi kubwa. Halafu pleti mpya za klachi, springi zake nne mpya za saizi ileile, oili sahihi. Jumla elfu 62.

Nikamuuliza, "Na injini tunaongeza nini?"

"Injini tunaiacha."

Wadau, kwa mtu aliyetoka kuangalia Erzberg, jibu la "injini tunaiacha" ni kama kwenda kwa demu na shati la shule. Nikamwambia nitarudi. Sikurudi.

Nikaenda Tunduma. Pale mpakani hakuna kitu hakipatikani, vipuri vimepangwa hadi barabarani, malori ya Zambia na Kongo yamepiga foleni, kila duka lina kijana anayejua kila kitu. Nikampata mmoja wa rika langu, ana tochi ya kichwani na simu ina video zilezile ninazoangalia mimi. Huyo tukaelewana dakika mbili. Tukatoa bloku yangu ya milimita 56.5, tukaweka ya 62, ile ya 150. Mdomo wa kesi ikabidi uchongwe kidogo ili bloku mpya iingie. Kabureta ya zamani ikatoka, ikaingia kubwa ya PZ30. Ekzosi ya wazi. Na boksi la filta ya hewa akalitoa kabisa, akasema linaibana injini isipumue. Bloku yangu ya zamani akaichukua, akanipunguzia elfu 10. Nikalipa laki moja na elfu 85.

Hela ilitoka wapi? Hapo ndipo sipapendi. Wiki tatu nilimwambia Mama Mwalimu abiria hamna, rashi imehamia kwingine, nikawa nampa elfu 3, elfu 4. Alikuwa ananijibu, "Mungu atafungua, mwanangu." Kila siku. Mungu atafungua. Mi natunza zilizobaki kwenye soksi.

Sikumwambia pia kwamba kadi inasema 125 na mimi sasa naendesha kitu kingine.

Siku za mwanzo, aisee. Ule mlio! Watoto walikuwa wananikimbilia nikiwa bado mbali. Nilipanda ule mlima jaribio la tatu, mshkaji akarekodi, ikapata watu elfu 4 na ushee. Nililala nikiwa staa. Nikaanza kuupanda kila Jumapili mbele ya watu, na mtindo wangu wa kupanda nadhani mnaukisia: bana nusu, nyonga, achia kidogo, bana tena.

Wiki ya tano klachi ikaanza kuteleza. Naomba hapa niende taratibu maana ndiyo sehemu ambayo ningepewa mapema ningeokoa hela.

Klachi ya hizi pikipiki ni pleti zilizopangwa kama mkate wa kupaka. Moja ina vipande vya kukamata, inafuata ya chuma tupu, inafuata ya kukamata, hivyo hivyo hadi mwisho. Zimelowa oili, na springi nne zinazibana pamoja. Zikibanwa, zinazunguka kama kitu kimoja na nguvu ya injini inapita kwenda kwenye gia. Ukivuta mkono wa klachi, zinaachana. Ukishika nusu, zinasuguana. Kusuguana kidogo wakati wa kuondoka ndiyo kazi yake. Kusuguana dakika nzima mlimani na injini imenyongwa ni kuzipika. Vipande vinaisha, chuma kinageuka rangi ya bluu, na springi zenyewe zikipata joto sana zinalegea.

Dalili yake ni rahisi. Uko gia ya nne, unaongeza mafuta, mlio unapanda lakini spidi haipandi. Ukiona hivyo klachi inateleza.

Kwanza unaangalia waya. Mkono wa klachi lazima uwe na mchezo kidogo, milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla haujaanza kuvuta. Waya ukikaza sana ni kama unashika klachi nusu mchana kutwa. Wangu ulikuwa sawa. Pili oili. Mimi nilikuwa naweka oili ya gari, ya kopo zuri, imeandikwa maneno ya kuokoa mafuta. Kumbe baadhi ya hizo za gari zina dawa za kufanya vyuma viteleze vizuri, na kwenye gari hamna shida kwa sababu klachi ya gari haikai ndani ya oili ya injini. Ya pikipiki zetu inakaa humo humo. Kopo la pikipiki lenye klachi ya hivi linatakiwa liwe na alama ya JASO MA au MA2. Ukikuta MB, hiyo ni ya skuta, iache dukani. Sikuwa nalijua hilo, na mwenye duka hakuniuliza.

Dawa ilikuwa pleti mpya. Elfu 15. Mimi nikampigia kijana wa Tunduma, akaniambia usinunue pleti, weka wosha chini ya springi, zile bati za mviringo zenye tundu, springi zitabana zaidi. Nikaweka wosha mbili mbili. Ikakamata! Mkono wa klachi ukawa mgumu kama kukamua jiwe, jioni vidole havikunji, na ikawa ngumu kupata nyutro kwa sababu springi zilikuwa zimebanwa hadi pleti haziachani vizuri. Lakini ilikamata. Nikasema dogo ana akili.

Huku nyuma injini nayo ilikuwa inakufa kimyakimya. Nilitoa filta, si ndiyo? Vumbi la Saza si vumbi la kawaida. Lile jiwe jeupe tunalochimbia dhahabu ni gumu, linachora chuma, na makarasha yanalisaga mchana na usiku. Barabara zote zina unga wake. Mimi nikawa nimefungua mlango nikaliambia karibu ndani. Kufikia mwisho wa Desemba pikipiki ilikuwa inatoa moshi wa bluu na inakunywa oili. Bloku mpya, miezi mitatu.

Januari mvua zimeshika. Usiku mmoja, saa 8 na dakika kadhaa, simu inaita. Mama Mwalimu. Sauti yake nilijua tu.

Mjukuu wake, mtoto wa miaka minne, homa imepanda, degedege limempiga mara mbili. Zahanati wamesema apelekwe Mkwajuni sasa hivi. Gari la jirani lilikuwa Mbeya. Akanipigia mimi, kwa sababu pikipiki ni yake na dereva ni wake.

Tukapakia mishkaki, mimi mbele, mtoto kafungwa kwa kanga katikati, Mama Mwalimu nyuma kashika tochi. Mvua si kubwa ila ni ile isiyoisha. Barabara ni tope jekundu. Kuna mteremko hadi mtoni halafu kilima kirefu, kila bodaboda wa huku anakijua, wakati wa masika hata fuso zinalala pale. Nikaingia gia ya kwanza chini kabisa nikaanza kupanda. Robo ya kilima ikawa sawa. Nusu, nikasikia mlio unapanda. Spidi haipandi. Nikaongeza mafuta. Mlio ukapanda zaidi, na ile harufu ikaja. Kamba ya katani.

Pikipiki ikasimama. Iko gia ya kwanza, nimeachia klachi yote, ekzosi inapiga kelele kijiji kizima kinasikia, tairi halizunguki. Tumesimama gizani na mtoto anatetemeka katikati yetu.

Mama Mwalimu hakusema neno. Alishuka, akamfungua mtoto, akamfunga upya mgongoni kwake, akaanza kupanda kilima kwa miguu. Mama mwenye miaka zaidi ya 60, kandambili zimebaki kwenye tope. Mimi nasukuma pikipiki nyuma yake kama mjinga, badala ya kuiacha nimbebee mtoto. Nilikumbuka kuiacha tulipokuwa tumebakiza mita kama 50. Hadi leo sijui nilikuwa nalinda nini.

Huko juu Mungu alikuwa ameweka mwanga. Mzee mmoja bodaboda, yule tunayemtania kwa pikipiki yake ya kizamani, haina mlio, haina stika hata moja, nyuma kaweka sproketi kubwa kama sahani, alikuwa anatoka kumpeleka mtu na anarudi. Hakuuliza bei. Akageuza, akawapakia wote wawili, akashuka upande wa pili taratibu kama anaendesha baiskeli. Nilibaki nimekaa pembeni ya barabara nikisikiliza ule mlio mdogo ukiondoka, haupandi wala haushuki.

Mtoto alipona. Ilikuwa malaria kali, alilazwa Mkwajuni siku nne. Sasa hivi akiniona anasema "pipi", kwa sababu ndiyo kodi ninayolipa.

Kuhusu kesho yake. Nilienda kwa Mama Mwalimu alipokuja kuchukua nguo. Nikasema "Shikamoo mama", akaitikia "Marahaba", akakaa kwenye kigoda, akauliza, "Pikipiki yangu umeifanya nini?" Sauti ya darasani ile, inajua jibu inasubiri ulitoe mwenyewe. Nikamwambia yote. Tunduma, bloku, soksi, zile elfu 3. Alinyamaza muda mrefu sana. Halafu akasema, "Ningekuwa na hela ya kumlipa dereva mwingine ningekunyang'anya." Akaongeza miezi mitatu kwenye mkataba, akataka iandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Ikaandikwa. Nikasaini.

Sikusikia tena "Mungu atafungua". Nikimpelekea hela anahesabu.

Mzee fundi alifungua klachi mbele yangu, akamwaga pleti kwenye beseni. Vipande vya kukamata vimeisha, vimekuwa vyeusi vinang'aa kama vioo, vyuma vya katikati vimekuwa bluu. Kwenye chujio la oili kumejaa tope jeusi, ndizo pleti zangu hizo, zilikuwa zinazunguka ndani ya injini. Zile wosha akazipanga nane kwenye kiganja akanipa. "Zako hizi."

Akarudia hesabu ya msumari, safari hii nikasikiliza. Bloku kutoka 125 kwenda 150, injini inaongezeka asilimia 20. Sproketi kutoka 15 na 40 kwenda 14 na 45, asilimia 20. Sawasawa! Ila tofauti iko hapa. Nguvu ya bloku lazima ipite kwenye klachi ndipo ifike tairini, kwa hiyo ukiongeza bloku unaibebesha klachi zaidi. Sproketi iko baada ya klachi. Kwa kilima kilekile na mzigo uleule, klachi inabeba pungufu kuliko zamani. Mimi niliichagua ile inayoumiza, kwa bei mara tatu, halafu nikaacha pleti za zamani.

Na wale jamaa wa Erzberg? Wao pia wanachezea klachi, tena sana. Lakini pikipiki zao zimejengwa kwa hiyo kazi, nyingi klachi yao inasukumwa na oili hata kidole kimoja kinatosha, na mashindano yakiisha kuna mtu anabadilisha pleti kabla hajala. Kuna hata kampuni moja ya Marekani, Rekluse, inauza klachi inayojishika yenyewe kadiri injini inavyozunguka, ukisimama pikipiki haizimi. Wazo lenyewe ni la zamani, Honda Super Cub ya mwaka 1958 ilikuwa na klachi ya namna hiyo, haina hata mkono wa kuvuta. Siku nikiwa na hela nitaitaka hiyo Rekluse. Sitawadanganya kwamba ugonjwa umeisha.

Sasa hivi pikipiki iko hivi. Bloku tumerudisha ya 125, ilibidi ninunue maana ya kwangu ilishauzwa, na kwa kuwa mdomo wa kesi ulichongwa mzee alihangaika siku mbili isivuje oili. Kabureta ya zamani. Boksi la filta lipo, sponji yake naiosha kila Jumamosi na kuipaka oili kidogo. Ekzosi ya kampuni, kimya. Mbele 14, nyuma 45. Pleti mpya, springi za kawaida, oili yenye JASO MA, nabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema kwa sababu kitabu hakikuandikiwa Saza. Kilima cha mtoni napanda na viroba viwili na mtu, gia ya kwanza, klachi nimeachia yote, sinyongi. Wale vijana wenye ekzosi za wazi wananipita bondeni, wananicheka, sawa tu. Nikishuka na gia ya kwanza injini yenyewe inashika, breki nagusa tu.

Mtaniuliza kama nimewahi kuupanda tena ule mlima wa staa. Ndiyo. Mwezi uliopita, asubuhi, hamna mtu. Jaribio la pili. Sikurekodi kwa sababu simu haikuwa na chaji, msije mkafikiri nimekuwa mtakatifu.

Na ile 250 aliyoazima staa bado iko chini ya mwembe wa mzee fundi, kuku wanataga pembeni yake. Pleti za modeli ile hazipatikani huku, mwenye pikipiki anamsubiri staa atume hela, staa simu hapokei, juzi kaweka picha yuko Dubai kwenye mchanga na pikipiki nyingine. Mzee alishaifungua na kuisafisha, anadai elfu 60 yake. Mnaomjua, mwambieni.